Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma: pikapu, tela na barabara ya Bugarama

Barabara kuu namba moja, RN1, itokayo Bujumbura kuelekea Bugarama na Kayanza, huanza kupanda mara tu inapoiacha mitaa ya mji. Bujumbura imelala kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko wa karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Bugarama, penye soko mashuhuri la mboga na matunda, iko kwenye takriban mita 2,200, na umbali baina ya sehemu hizo mbili haufiki mbali: ni kilomita 35 hivi. Kwa hiyo kila apelekaye saruji, mchele au chumvi juu, akarudi na kabichi, viazi na ndizi, hupandisha gari lake mita 1,400 kisha hulazimika kulishusha mita zilezile.

Katika barabara hiyo, pikapu ya ukubwa wa kati inayovuta tela, au remorque kama wengi wetu mjini tunavyoiita, si kitu kigeni. Sababu zake zinaeleweka. Bidhaa zinazoingia kwa malori makubwa kutoka Dar es Salaam kupitia mpaka wa Kobero, au kwa meli kutoka Kigoma na Mpulungu, hufikia Bujumbura zikiwa shehena kubwa, lakini mwenye duka la mlimani hanunui shehena. Hununua magunia ishirini au thelathini. Machi 2022 serikali ilizuia pikipiki, bajaji na baiskeli kuingia katikati ya mji, na mizigo midogo iliyokuwa ikibebwa nazo ikabidi itafute magari. Juu ya hayo, nchi imepita katika miaka kadhaa ya uhaba wa mafuta. Mtu aliyelala kwenye foleni ya kituo cha mafuta ili apate lita chache hawezi kulaumiwa akipiga hesabu kwamba safari moja yenye tela ni afadhali kuliko safari mbili zisizo nayo.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa upande wa mafuta. Kwa upande wa usalama ina pengo, na pengo hilo ndilo linalostahili kujadiliwa kabla halijajazwa na ajali.

Namba moja inayosafiri peke yake

Ukimuuliza mwenye pikapu uwezo wa gari lake kuvuta, mara nyingi utajibiwa kwa namba moja: tani tatu na nusu. Namba hiyo haikubuniwa. Watengenezaji wa pikapu kadhaa mpya za daraja hili, zikiwamo Toyota Hilux, Ford Ranger na Isuzu D-Max, hutaja kilo 3,500 kuwa kikomo cha juu kwa baadhi ya matoleo yao. Tatizo ni kwamba namba hiyo haikuandikwa peke yake. Katika kitabu cha gari imezungukwa na masharti, na masharti hayo ndiyo yanayopotea njiani.

Sharti la kwanza ni kwamba kilo 3,500 zinahusu tela yenye breki zake yenyewe. Kwa tela isiyo na breki, kikomo cha kawaida ni kilo 750 tu. Kizingiti hichohicho kimo katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani: tela isiyozidi kilo 750, pamoja na mzigo wake, huhesabiwa kuwa nyepesi, na mwenye leseni ya daraja B anaruhusiwa kuivuta bila mashaka; ikizidi hapo, lazima iwe na breki. Tofauti baina ya namba hizi mbili ni karibu mara tano. Magunia kumi na matano ya saruji ya kilo 50 yanatosha kufika kwenye kilo 750, kabla hata hatujaupima uzito wa tela yenyewe.

Sharti la pili ni uzito wa jumla wa gari na tela pamoja. Tuchukue mfano: pikapu ambayo jumla inayoruhusiwa ni kilo 6,000. Ikivuta tela ya kilo 3,500, gari lenyewe halipaswi kuzidi kilo 2,500. Pikapu ya milango minne, ikiwa tupu, ina uzito wa takriban kilo 2,100. Zinabaki kilo 400. Wakipanda watu watano wa kilo 70 kila mmoja, zinabaki kilo 50, yaani mfuko mmoja wa saruji. Anayejaza tela na papo hapo akajaza bodi ya nyuma hadi springi zikalala, ameshavuka kikomo kabla hajawasha injini.

Hapa lugha inaingia. Magari mengi tunayoyatumia ni yaliyokwisha kutumika kwingine. Gari lililotoka Japani huweza kufika na kitabu cha Kijapani, lililotoka Ghuba na kitabu cha Kiarabu au Kiingereza, na mengine hufika bila kitabu kabisa. Anayelinunua huku anazungumza Kirundi, Kiswahili na pengine Kifaransa. Maelezo humfikia kwa mdomo, kutoka kwa muuzaji hadi kwa fundi, kutoka kwa fundi hadi kwa dereva, na kila yanapopokelewa hupungua neno. Namba kubwa hukumbukwa. Maneno «ikiwa ina breki» husahaulika. Isitoshe, toleo la zamani la gari lilelile huenda likawa na kikomo kilicho chini zaidi ya kile cha toleo jipya, lakini jina la ubavuni ni moja.

Swali si kuvuta, ni kuzuia

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Methali hiyo yaeleza fizikia ya barabara ya Bugarama vizuri kuliko matangazo mengi ya magari. Injini ya dizeli ya leo hupandisha mzigo mzito bila malalamiko makubwa. Itapunguza mwendo, itakunywa mafuta, lakini itafika. Kufika kwake ndiko kunakomdanganya dereva kwamba mzigo ulikuwa wa kadiri. Injini imejibu swali moja, nalo ni kama gari linaweza kuvuta. Swali la pili, kama linaweza kuzuia, hujibiwa wakati wa kurudi.

Pikapu ya tani tatu inayovuta tela ya tani moja na nusu, ikishuka mita 1,400, hubeba nguvu ambayo lazima iishie mahali fulani. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, na sehemu na injini iwapo dereva ametia gia ndogo. Inayobaki hugeuka joto kwenye breki. Kama nguvu hiyo yote ingegeuzwa joto la kupashia maji, ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 150. Joto la namna hiyo likielekezwa kwenye vipande vichache vya chuma nyuma ya matairi, breki hupoteza mshiko, na mafuta ya breki yaliyozeeka na kunyonya unyevu huweza kuchemka. Hapo kanyagio huzama hadi sakafuni bila kupunguza mwendo.

Tela isiyo na breki huongeza kazi yote hiyo kwa gari linaloivuta. Na haikai nyuma kwa utulivu: dereva anapofunga breki kwenye kona, tela huendelea kusukuma, na huweza kulipindua gari au kulikunja kama kisu cha mfukoni. Hata tela yenye breki za kusukumwa, zile zinazojifunga zenyewe tela inapolisukuma gari, haiondoi hatari yote, kwa sababu kwenye mteremko mrefu tela husukuma muda wote na breki zake hupata joto bila kupumzika.

Kwa hiyo madereva wazoefu hufuata kanuni rahisi: shuka kwa gia ileile ambayo ungehitaji kupandia, na uichague kabla ya mteremko, si katikati yake. Breki hukanyagwa kwa vipindi, kwa nguvu ya kutosha, kisha huachwa zipoe. Haziburuzwi kuanzia juu hadi chini. Kuweka gia huru ili kuokoa mafuta, jambo linaloshawishi sana wakati lita moja ni adimu, ni kuitupa breki pekee isiyochoka, yaani injini.

Upangaji wa mzigo nao una neno lake. Takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela inapaswa kulala kwenye kiungo kinachoishika gari. Mzigo ukielekezwa nyuma mno, mkia wa tela huanza kuyumba, na mwendo ukiongezeka kuyumba nako huongezeka. Hilo halihitaji mlima. Kwenye barabara tambarare ya kando ya ziwa kuelekea Rumonge, kunakotoka mafuta ya mawese, mapipa yasiyojaa barabara huongeza balaa, kwa kuwa kimiminika hucheza ndani yake kila gari linapokata kona. Tela ikianza kuyumba, dawa ni kuachia kanyagio la mafuta taratibu na kuushika usukani bila kuhangaika. Kuongeza mwendo au kufunga breki ghafla huzidisha.

Wasiokuwamo kwenye hesabu

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye bidhaa huona magunia matano ya ziada kuwa si kitu, maana hayuko nyuma ya usukani. Dereva naye, hata akikubali hatari, haikubali kwa niaba yake peke yake. RN1 ni barabara ya watembea kwa miguu, ya akina mama wenye vikapu, na ya waendesha baiskeli waliojipatia sifa hata nje ya nchi: vijana wanaoshuka kutoka milimani wakiwa na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa, kisha hupanda tena wakiwa wameshikilia nyuma ya malori. Kwao, tela inayopanda polepole ni mkono wa msaada. Lakini tela inayoyumba, au iliyounganishwa kwa kiungo kilicholika bila mnyororo wa akiba, humgeuzia kijana huyo mkono kuwa nyundo.

Pana jambo jingine la kwetu. Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, ilhali magari mengi tuliyonayo yana usukani upande huohuo wa kulia. Dereva wa gari la aina hiyo tayari hupata taabu kuona mbele anapotaka kulipita lori. Akiwa na tela, urefu unaohitaji nafasi huongezeka maradufu, na vioo vya kawaida havimwonyeshi kilicho nyuma ya mzigo. Upande wa anayefuata, taa za tela zisipounganishwa na za gari, hajui kama aliye mbele anasimama au anakata kona.

Kati ya lori na gari dogo

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, ina sheria ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, inayoweka tani 56 kuwa kikomo cha jumla kwa malori makubwa zaidi. Lengo lake kuu ni kuzilinda barabara zisiharibiwe na ekseli zilizobebeshwa kupita kiasi, na ni lengo jema. Lakini ekseli ya tela ndogo haivunji lami. Pikapu na tela yake huweza kuwa salama kabisa kwa barabara, na hatari kubwa kwa walio juu ya barabara hiyo. Mizani huuliza gari lina uzito gani. Haiulizi kama linaweza kusimama.

Jibu halipaswi kuwa kuipiga marufuku tela. Kwa mfanyabiashara mdogo asiyeweza kununua lori, tela ni chombo cha riziki, na ikitumiwa ipasavyo ni bora kuliko pikapu iliyorundikwa mzigo hadi juu ya paa. Wala haihitaji kiwanda: fundi hodari wa kuchomelea vyuma anaweza kuiunda, na Buyenzi, mtaa unaosifika kwa mafundi wake wa magari, haujapungukiwa na ustadi huo. Kinachokosekana ni kipimo cha pamoja baina ya fundi, mteja na mkaguzi.

Kipimo hicho chaweza kuanza kwa mambo machache yasiyo na gharama kubwa. Kila tela ibandikwe kibati kinachotaja uzito wake mtupu na uzito wa juu inaoruhusiwa kubeba. Inayozidi kilo 750 pamoja na mzigo isitoke gereji bila breki. Taa, mnyororo wa akiba na matairi vikaguliwe tela ikiwa imefungwa kwenye gari litakaloivuta, kwa kuwa barabarani viwili hivyo ni chombo kimoja. Na masharti hayo yaandikwe kwa Kirundi na Kiswahili, lugha ambazo dereva na fundi huzitumia wanapopatana bei, ili neno «breki» lisiendelee kupotea kila namba inapopita kutoka mdomo mmoja hadi mwingine.

Uhaba wa mafuta utakuja na kupita, kama shida nyingine zilivyokuja na kupita. Mita 1,400 za kutoka Bugarama hadi ziwani hazitapungua. Anayefunga tela nyuma ya pikapu yake leo anaweza kujiuliza swali moja kabla ya kuondoka, nalo halihusu injini: mzigo huu nikiufikisha juu, nina kitu gani cha kuuzuia wakati wa kushuka?