Eti Instax imeua mkanda wa 35mm? Mimi nabisha

Wadau, kuna staa mmoja wa Bongo (jina kapuni) kaposti kamera yake ya Instax, akaandika eti mikanda ya picha ya zamani imeshakufa. Thubutu!

Instax tamu, sikatai. Unapiga, kadi inatoka, dakika chache sura hiyo. Bethidei za Mwanga huku Kigoma watu wanaigombania. Ila kwenye ile mini picha ni milimita 62 kwa 46 tu, na ipo moja. Negativu hakuna. Ikilowa kwenye boti pale Kibirizi, ndo basi tena.

Nyumbani Ujiji tulikuwa na picha ya babu kasimama bandarini, Liemba nyuma yake. Ikaliwa na mchwa ukutani. Mjomba akachimbua negativu kwenye kopo la Blue Band, ikaenda kuskaniwa, kila mjukuu akapata yake. Bibi alilia siku ile.

Na mkanda huu haujaanza leo kutangaziwa kifo. Kodak waliuleta kwenye kikopo chake mwaka 1934. Mwaka 1996 wao wenyewe na Fujifilm, Canon, Nikon na Minolta wakaja na APS, mkanda mdogo zaidi, unautumbukiza tu kamera inamaliza kazi. Makampuni matano hayo! Kufika 2011 APS ikaacha kutengenezwa. 35mm bado inauzwa.

Kitu kimoja namkubalia staa: kusafisha mkanda huku kwetu ni msala, mimi wangu naupakia basi hadi Dar.

Kwenu negativu za wazee zipo au mlishatupa? Funguka hapo chini.