Jino Lisilo Ugonjwa

Wapo wazee wa Kimakonde, kuanzia Newala hata kando ya Ruvuma, ambao meno yao ya mbele yalichongwa ujanani yakawa na ncha. Ulikuwa urembo, na aliyechongwa alijua anachofanyiwa. Simtetei mchongaji, nataka tu msomaji alinganishe jambo hilo na kung'oa "meno ya plastiki" katika kinywa cha mtoto mchanga, asiyeweza kukubali wala kukataa.

Imani hii, ambayo wengine huiita ya meno ya nailoni, ilivuma nchini tangu miaka ya 1980. Mtoto akiharisha na kushikwa na homa, ufizi wake hukaguliwa, na uvimbe mweupe unaoonekana hudaiwa kuwa ndio ugonjwa. Kumbe ni chipukizi la chonge la utotoni, ambalo lingeota lenyewe kati ya miezi 16 na 20. Huchokolewa kwa spoki ya baiskeli au kisu, bila ganzi. Matokeo yake huweza kuwa kuvuja damu, usaha, pepopunda, hata kifo. Na jino la ukubwani linaloumbika papo hapo chini yake nalo huharibika.

Kwa nini basi watu huamini? Kuharisha aghalabu hukoma kwenyewe baada ya siku chache, na sifa humwendea mng'oaji. Umri nao huhadaa: kinga ambayo mtoto alipewa na mama yake hupungua miezi ileile aanzapo kutambaa, kula uji na kutia kila kitu kinywani. Akina mama siwalaumu kama ninavyomlaumu mtumishi wa zahanati atoaye pakiti ya dawa ya kurudisha maji mwilini pasipo maneno mawili ya kueleza.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza desturi zinazomdhuru mtoto, na inamtaka mwanajamii mwenye habari za kuvunjwa haki za mtoto azifikishe kwa serikali za mitaa. Kwa hiyo tabibu wa meno anayeona mapengo mawili yaliyolingana, kisha akaandika tu "meno hayapo", hajamaliza kazi. Na aulize ni nani aliyeyang'oa, lini, na kama nyumbani yupo mtoto mdogo zaidi. Lakini aulize kwa upole, maana mama aliyetishwa hatarudi tena zahanati mtoto akiharisha.

Nanyi walimu wa biolojia: mwanafunzi wa Mikindani au Msimbati hukariri kwamba mtu mzima ana meno 32, wala hajapata kuonyeshwa ufizi wa mtoto wa miezi 6 ulivyo. Mchoro wake hauhitaji zaidi ya chaki na dakika kumi, na huenda jioni hiyohiyo ni yeye atakayembeba mdogo wake mwenye homa.