Kiwanja Chetu Kiachwe Vile Kiko

Wasee, kuna watu wanataka viwanja vyote vya ligi zetu za mashinani viwe saizi moja, ati ndio mambo yawe fea. Fea kwa nani? Sheria ya kwanza ya soka yenyewe inaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120, na upana wa mita 45 hadi 90. Hata Wamarekani na besiboli yao: Fenway Park kule Boston ina ukuta wa mita 11 hivi upande wa kushoto, na timu zote hucheza hapo tu.

Sisi Illasit tukiambiwa kiwanja ni kidogo, mechi ya nyumbani inapelekwa Loitokitok. Nauli ni ya nani? Wamama wa soko watafunga biashara watufuate? Timu ndogo hufa hivyo, enyewe nimeona.

Kitu cha kupima ni goli. Hapo sheria haina mchezo: mita 7.32 kwa 2.44. Sisi bado tunafunga kamba juu ya miti miwili, inalegea katikati, halafu mpira ukipita hapo watu wanashikana mashati. Leteni tepu tuanzie hapo.