Siku 3 za baba hazitoshi

Kila Jumapili ya tatu ya Juni simu zetu hujaa picha za akina baba: huyu na suti ya harusi, yule na baiskeli yake ya Phoenix, mwingine keshatangulia mbele ya haki. Ni jambo jema. Siku hiyo ilianzia Spokane, Marekani, mwaka 1910, lakini kumpa baba hadhi hatukufundishwa na mtu. Fomu zetu zinauliza jina la ubini. Mwanamume akipata mtoto, mtaa unaacha jina lake na kumwita Baba Asha mpaka anazikwa.

Sasa mtazame Baba Asha siku aliyolipata jina hilo. Yuko nje ya wodi ya wazazi, chupa ya uji mkono huu, kapu la khanga mkono ule. Muuguzi anatoka, anapokea kapu, anamwambia, "Baba, subiri nje." Kesho wanarudi nyumbani kwa bajaji. Keshokutwa anapiga pasi shati la kazini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku zisizopungua 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mama ana siku 84. Wakizaliwa mapacha, za mama zinafika 100; za baba ni 3 zilezile. Siku ya tatu kitovu hakijadondoka. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hawezi kuinama kuinua beseni. Kwa Waislamu akika huchinjwa siku ya saba, na wa kutafuta mbuzi ni baba, ambaye siku hiyo yuko zamu. Arobaini tusiitaje. Wenzetu Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, wanatoa wiki 2, na kazi zinaendelea.

Wapo watakaosema mwanamume akipewa wiki 2 atazimalizia kijiweni. Baadhi watafanya hivyo, tunawajua. Lakini hakuna anayenyimwa likizo ya mwaka kwa kuwa mwenzake aliimalizia baa. Na ile hoja kwamba uzazi una wenyewe, bibi na shangazi, ilikuwa na nguvu bibi alipolala chumba cha pili. Leo bibi yuko Newala, wenye mtoto wamepanga Mbagala, na wa kupokezana naye mtoto saa nane usiku ni baba peke yake.

Bunge lizifanye siku hizo wiki 2. Dereva wa bodaboda na mmachinga hawaguswi na sheria hii. Lao linahitaji mjadala wake. Ila waajiri hawana sababu ya kusubiri Dodoma. Sheria imesema zisizopungua 3, haikusema zisizidi. Ofisi inayomruhusu mtu wiki nzima kwenda semina Morogoro inaweza kumruhusu akamwogeshe mwanawe.