Kufua Maji si Kuziba Tundu

Ipo tabia moja katika pwani yetu ambayo nimeitazama kwa miaka mingi. Sasa ni mzee mstaafu, sina cheo cha kupoteza, nami naipinga waziwazi. Ni tabia ya mwenye mashua inayovuja kuchukua mtoto wa kufua maji badala ya kutafuta maji yanaingilia wapi. Mtoto huyo hulipwa samaki wawili watatu. Hukaa ngamani na kopo lake tangu nanga ing'olewe mpaka chombo kirudi. Nilipokuwa mwalimu mkuu, jina lake nilikuwa nalo katika daftari la mahudhurio, na mbele ya jina palijaa alama za utoro.

Wenye vyombo hunijibu, "Mwalimu, chombo cha mbao hakikosi kuvuja." Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mbao zikikaa juani husinyaa na maungio yake yakaachana. Zikirudi majini huvimba na kubanana tena. Kwa hiyo mashua iliyokaa nchi kavu huvuja siku za kwanza, kisha hutulia. Ile inayovuja mwezi mzima haina udhuru huo. Ina tundu, na tundu lina mahali pake.

Tufanye hesabu kidogo, ndugu msomaji. Tundu lenye upana wa sentimeta 2, likiwa nusu mita chini ya usawa wa bahari, huingiza lita zipatazo 30 kwa dakika. Kwa saa moja ni karibu tani 2. Upana ukiongezeka mara mbili, maji huongezeka mara nne. Mtoto wa miaka kumi na miwili hawezi kushindana na hesabu hiyo. Tena maji yaliyomo ndani hayatulii: chombo kikilala upande mmoja, nayo hukimbilia upande huo huo na kukizidisha kulala. Ndivyo vyombo vinavyopinduka na watu.

Kosa la wengi ni kudhani kwamba maji yanapokusanyika ndipo yanapoingilia. La hasha! Maji huteremka kwa kufuata mataruma na mkuku. Dimbwi lililo tezini huenda limetoka omo. Kwa hiyo yaonjwe kwanza: yakiwa matamu ni ya mvua, yakiwa ya chumvi ni ya bahari. Kisha itazamwe yanaingia lini. Yakiingia wakati wa kusafiri tu, mashua ikiwa imelala kwa upepo, shaka iende kwenye mbao za juu. Yakiingia hata mashua ikiwa imetia nanga shwari, ubovu uko chini.

Baada ya hapo mizigo na farumi zitolewe, ngama ikaushwe kwa kitambaa, na jivu kavu linyunyizwe kote. Maji yataacha njia yake ndani ya jivu, nawe uifuate mpaka juu kabisa inapoanzia. Kama bado huoni, ngoja maji yapwe wakati wa bamvua, mashua ikae mchangani. Tia ndoo chache za maji ndani, uiname utazame kwa nje. Panapoanza kudondoka, tia alama ya chaki. Dawa hufuata ugonjwa: pamba iliyooza ing'olewe na kukalafatiwa upya, msumari ulioliwa na kutu ubadilishwe, ubao uliotobolewa na wadudu wa baharini ukatwe na kuungwa mwingine.

Wapo mafundi wanaopaka lami au saruji kwa ndani, wakapokea fedha na kwenda zao. Hawa nawalaumu kuliko wote. Kiraka cha ndani husukumwa na maji ili kibanduke. Cha nje hugandamizwa na maji yale yale. Tena chini ya saruji ubao huendelea kuoza bila kuonekana na mtu.

Nitaambiwa kwamba kupandisha mashua pwani ni kupoteza siku za kuvua. Nakubali, siku hizo zina gharama. Lakini siku za mtoto nazo zina gharama, ila hakuna anayeziandika katika hesabu ya chombo. Mwenye mashua huokoa siku mbili zake, mtoto hupoteza mwaka wa darasa la sita, na ufa unabaki pale pale, ukipanuka.

Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Basi turejee huko. Abiria na asipande kabla ya kuchungulia ngama. Akikuta mtoto ameshika kopo, na amwulize nahodha tundu liko wapi. Nahodha asiyejua tundu la chombo chake hastahili kukabidhiwa roho za watu.