TALAKA YA SENEGAL NA SUDAN



Nchi inapojitoa katika muungano, mazungumzo huwa ni ya marais, katiba na mipaka. Ukurasa huu ni wa jamaa, kwa hiyo leo natutazame jambo hilo kwa jicho la jamaa: ni kitu gani hasa kivunjikacho, na ni nani alipaye gharama yake?

Chukua mfano wa Shirikisho la Mali. Mwaka 1959 makoloni mawili ya Ufaransa katika Afrika Magharibi yaliungana: Senegal, na Sudan ya Kifaransa, ambayo ndiyo Mali ya leo, wala si ile Sudan ya Khartoum. Tarehe 20 Juni 1960 shirikisho hilo lilipata uhuru. Tarehe 20 Agosti mwaka huo huo Senegal ikajitoa. Miezi miwili tu, na talaka ikatolewa.

Wahenga walinena kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Wengi huyaeleza mambo haya kwa methali hiyo, na mafahali wenyewe wanajulikana: Modibo Keïta wa Sudan, aliyeongoza serikali ya shirikisho, na Léopold Sédar Senghor wa Senegal, aliyeongoza bunge lake. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Inatupasa kulitazama na zizi lenyewe.

Viti vya bunge viligawanywa nusu kwa nusu. Kwa macho hiyo ilikuwa haki tupu. Lakini pande mbili zilizo sawa zikikosana, ni nani mwamuzi? Sudan ilikuwa na watu wengi zaidi na ilitaka dola moja yenye nguvu. Senegal ilikuwa na bandari na jiji la Dakar, na ilitaka kila nchi ibaki na mamlaka makubwa ya mambo yake. Kila upande ulikuwa na hoja, na kila upande uliogopa kumezwa. Swali la nani awe rais likaachwa mpaka baada ya uhuru. Lilipofika mezani, hapakuwa tena na imani ya kulijibia.

Usiku wa tarehe 19 Agosti Keïta alimwondoa Mamadou Dia wa Senegal katika madaraka ya ulinzi na kutangaza hali ya hatari. Kabla ya mapambazuko Senegal ilikwisha kutangaza kuwa imejitoa. Keïta na wenzake wakarudishwa Bamako kwa treni, chini ya ulinzi.

Treni hiyo, msomaji, ndiyo inayotuleta kwa jamaa. Reli ya kutoka Dakar hadi Bamako na kuendelea mpaka Koulikoro, kando ya mto Niger, ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200. Wafanyakazi wake wa pande zote mbili waligoma pamoja tangu Oktoba 1947 hadi Machi 1948, kwa dai moja. Watu wa Sudan walifanya kazi na kulea watoto katika miji ya Senegal, kama vile Thiès, penye karakana kuu ya reli. Baada ya talaka njia ilikatwa mpakani. Wafanyakazi wa Sudan wakafungasha na kurudi kwao, na mizigo ya Mali ikabidi izunguke kupitia Abidjan. Treni hazikuvuka mpaka tena hadi mwaka 1963. Mapatano ya watu yaliyojengwa kwa miongo yalisimamishwa kwa ugomvi wa usiku mmoja.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kusimuliwa sana. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa hadi 1983, na walioteseka walikuwa wenye ndugu ng'ambo ya pili.

Lakini tazama kilichosalia. Mpaka leo Senegal na Mali zina wito wa taifa ulio mmoja: watu wamoja, lengo moja, imani moja. Bendera zao zina rangi zile zile, kijani, manjano na nyekundu. Waliachana serikali, watu hawakuachana.

Basi funzo ni nini? Si kwamba kuungana ni kosa, wala kwamba kujitoa ni usaliti daima. Funzo ni kwamba upendo hauchukui nafasi ya mapatano. Ndugu wafunguao duka pamoja, au warithio shamba moja, na waulizane mapema, wakati bado wanacheka: tukikosana, nani ataamua? Na mmoja akitaka kuondoka, ataondokaje pasipo kuwafungia watoto njia? Anayeuliza hayo mapema hautakii umoja mabaya, anauwekea msingi.

Hadi Jumapili ijayo, kwa heri.