Mbwa apewe chanjo na chakula kwanza, mafuta baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu machache juu ya jambo ninaloliona mtaani kwetu hapa Mwanza, nalo ni kuwapa mbwa vidonge vya mafuta ya samaki kwa kila ugonjwa. Huenda wapo watakaocheka kuona mtu mzima anaandika gazetini habari za mbwa. Nawaomba wasome mpaka mwisho, kwa sababu barua hii ina habari za mtoto pia.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na ninaye mbwa mmoja aitwaye Bobi ambaye amelinda nyumba yangu kwa miaka minane. Mwaka jana alianza kujikuna usiku na mchana. Manyoya yakanyonyoka masikioni na miguuni, na mgongoni akatoka vidonda. Jirani mmoja aliniambia kwamba huko Ulaya mbwa wa namna hiyo hupewa mafuta ya samaki, na ngozi hurudi ikang'aa. Nikaenda duka la dawa za binadamu, nikanunua chupa ya vidonge 30, nikawa nampa kimoja kila asubuhi ndani ya tonge la ugali. Chupa ilipokwisha nikanunua ya pili. Bobi akazidi kunyonyoka.

Wakati huo huo gari la matangazo lilipita mtaani kututaka tupeleke mbwa wakachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Mimi sikwenda. Niliona haya kumpitisha Bobi mbele za watu akiwa katika hali ile, nikajiambia kwamba mafuta yakishafanya kazi nitampeleka safari ijayo. Wiki tatu baadaye mtoto wa jirani, msichana wa darasa la pili, alimgusa Bobi mgongoni penye kidonda, naye akamng'ata mkono.

Ndugu Mhariri, usiku ule sikulala. Tuliliosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kama inavyotakiwa, kisha tukamkimbiza mtoto hospitali akaanza kuchomwa sindano za kinga, na gharama zote nikazibeba mimi. Bobi alifungwa kwa siku 10 akiangaliwa, maana mbwa anayeambukiza kichaa wakati anapong'ata huonyesha dalili au kufa ndani ya siku hizo. Kila asubuhi baba wa mtoto alikuja kuchungulia bandani, akaondoka bila kunisalimia. Siku ya 11 alimkuta mbwa mzima anakula, ndipo akageuka akaniambia, "Shikamoo mwalimu." Sijapata kusikia shikamoo tamu kama ile.

Bwana mifugo alipokuja kumtazama Bobi alimkwangua ngozi kidogo, akaniambia kuwa ule ni upele unaoletwa na wadudu wadogo sana wanaochimba ndani ya ngozi. "Mzee wangu," alisema, "hata ungemwogesha pipa zima la mafuta ya samaki, wadudu hawa wangekuwepo tu." Dawa aliyompa ilinigharimu pungufu ya zile chupa mbili, na baada ya miezi michache manyoya yaliota.

Sisemi hata kidogo kwamba mafuta ya samaki ni uongo. Ndani yake mna mafuta ya aina ya omega-3, hasa yale mawili yanayojulikana kwa herufi EPA na DHA, ambayo husaidia mwili kutuliza uvimbe na maumivu. Mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo, anayeinuka kwa taabu asubuhi, anaweza kupata nafuu. Mbwa mwenye mwasho wa mzio anaweza kusaidiwa pia, lakini kwa kungoja wiki kadhaa na akiendelea na matibabu mengine. Mafuta haya hayaui minyoo, hayaui kupe wala viroboto, wala hayakingi kichaa cha mbwa.

Tena kipimo chake si cha kubahatisha. Madaktari wengi wa mifugo huanzia miligramu 50 hadi 100 za EPA na DHA kwa kila kilo ya uzito wa mbwa kwa siku. Kidonge cha kawaida cha miligramu 1,000 za mafuta mara nyingi kina miligramu 300 tu za vitu hivyo viwili. Basi mbwa wa kilo 20 kama Bobi angehitaji miligramu 1,000 kwa uchache, yaani vidonge zaidi ya vitatu kila siku, na chupa ya vidonge 30 isingefika siku kumi. Mimi nilikuwa nampa kimoja. Hata kama ugonjwa wake ungekuwa wa kusaidiwa na mafuta, nilikuwa natupa fedha.

Wako pia wanaozidisha. Mafuta mengi humharisha mbwa, humnenepesha, na huweza kumletea ugonjwa wa kongosho. Hatari zaidi ni kuchanganya mafuta ya mwili wa samaki na yale ya ini, ambayo wengi tunayaita kodiliva. Hayo ya ini yana vitamini A nyingi sana. Kijiko kimoja kikubwa huwa na zaidi ya mara nne ya anayohitaji mwanamume mzima kwa siku. Vitamini hiyo ikizidi haitoki kwa mkojo, bali hujirundika katika ini, na baada ya muda huharibu mifupa. Mwenye kumpa mbwa kijiko kila siku kwa mapenzi anamdhuru bila kujua.

Najua mwananchi mwingine atauliza, kwa nini tuzungumzie mafuta ya mbwa wakati wapo watoto wasiopata mboga? Swali hilo ni la haki, na jibu langu ni kwamba hakuna sababu ya kumnyang'anya mtoto. Pale mwaloni Kirumba wapo dagaa waliokaukia mchangani ambao huuzwa kuwa chakula cha mifugo. Ukiwaosha vizuri mchanga wote ukatoka, ukawachemsha bila chumvi wala vitunguu, kwa kuwa vitunguu ni sumu kwa mbwa, ukawachanganya na ugali, mbwa atapata nyama na mafuta kwa pamoja. Vichwa vya sangara navyo vinafaa, lakini vichemshwe na miba yote iondolewe. Mbwa anayeshindia ukoko na makombo hahitaji kidonge, anahitaji chakula.

Kwa hiyo nawaomba wafugaji wenzangu tufuate utaratibu. Kwanza chanjo, pili dawa ya minyoo, kupe na viroboto, tatu chakula cha kutosha na maji safi. Baada ya hapo, kama mbwa ni mzee au ana mwasho, tumwulize daktari wa mifugo habari za mafuta. Nawaomba pia wahusika wa mifugo, wanapotangaza siku za chanjo, waseme wazi kwamba mbwa mwenye ngozi mbaya naye aletwe, maana wengi hubaki nyumbani kwa haya kama nilivyobaki mimi.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na karibu wote wanaokipata hukipata kwa mbwa. Wataalamu wanasema tukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Dunia imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na kila tarehe 28 Septemba huadhimishwa siku yake. Kinga ni bora kuliko tiba, na mimi nilijifunza maneno hayo uzeeni, baada ya kuyafundisha darasani miaka mingi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu Mstaafu,
Mwanza.